Dakika ya Arobaini

Gocha, keti hapo chini, kahawa nimeiweka,
kuna maiti mtoni, mpelelezi kafika,
ushahidi mfukoni, muuaji atoroka:
hii ndiyo ya dukani, ndiyo unayoitaka.

Vazha azipanda ngazi, kila chumba kikisakwa,
mama afuta machozi, maharage yakipikwa,
twangojea utatuzi, muuaji kuja shikwa,
na dakika ya arobaini Vazha anapigwa risasi ya shingo,
anakufa palepale, mkono mmoja umeng'ang'ania reli.

Amekufa, na vina vimekufa naye.
Umeona ulivyoshtuka?
Ulikuwa umeshaanza kutikisa kichwa kwa mapigo,
neno unalijua kabla halijafika,
na anayelijua neno linalokuja
hasikilizi tena.

Siku za mwizi ni arobaini, unaniambia,
umesimama katika chumba changu cha uhariri, Chugureti,
koti hujavua, kiti umekikataa.
Kweli. Nutsa alizihesabu hizo arobaini
akampa askari.

Kinachokukera zaidi ni kinachofuata:
dakika nne za sufuria.
Maharage yanatokota. Hakuna muziki.
Mama ametoka, kamera imegoma kumfuata.
Povu linapanda, linamwagika, jiko linafoka.
Umeandika "kata" kwa wino mwekundu, mara tatu,
ya tatu imetoboa karatasi.

Kaka yangu Zaza alitoka kununua mkate
majira ya baridi ya tisini na mbili.
Mpelelezi wa kwanza alihamishiwa Batumi.
Wa pili alifungua duka la matairi.
Wa tatu alituomba kalamu, yake ilikauka,
akaondoka nayo.
Wa nne hakuwapo.
Haya, nionyeshe muziki ungeanzia wapi,
ni nani angegeuka polepole dirishani
akasema, "Ni wewe."

Sisemi kila kilichovunjika kimevunjwa kwa ufundi.
Mwaka jana nilihariri kazi ya kijana mmoja
aliyeipindua kamera miguu juu saa nzima;
nilipata kizunguzungu na nusu ya malipo.
Kuthubutu si kupiga sahani ukutani.
Nutsa aliipika sahani hii miaka sita,
akaishika mikononi ikiwa ya moto,
akaiachia huku anajua
ni kipande gani kitaruka kuelekea kwa nani.

Rustavi tuliwaonyesha watu thelathini.
Kumi na mmoja waliondoka, mmoja akidai nauli.
Hao umewaandika kwenye ripoti, sawa.
Hukumwandika mwanamke wa safu ya tano,
bado ana sare ya kiwanda cha chuma,
aliyebaki ameketi taa zilipowaka.
Nilidhani kasinzia.
Hakuniuliza nani aliua.
"Lile jiko," alisema, "kuna aliyelizima?"
akiwa tayari anapapasa mfukoni kutafuta ufunguo wa kwake.

Mchelea mwana kulia hulia yeye.
Watazamaji tumewachelea miaka, Gocha,
tumewatafunia, tumewapulizia,
na sasa wanakoroma kabla pingu hazijalia
halafu tunawaita wajinga.

Ule mwisho wako upo. Tuliupiga siku ya akiba,
Vazha anazinduka hospitalini, nje mvua,
mama kaleta maua. Anacheza vizuri, masikini.
Uko kwenye droo, diski ya buluu.
Uubandike wewe, kwa vidole vyako,
nitakuachia kiti na taa.
Mimi natoka kidogo, nanunua mkate.

Kahawa yako imepoa. Na pale kwenye skrini
moto bado unawaka,